Herufi Inayosukuma Karatasi

Katika darasa la ngumbaro la Mwalimu Yakub, herufi P na V hufundishwa mwisho kabisa, zikiwa zimetanguliwa na nyingine zote. Yeye huziita herufi za wageni, kwa sababu Kisomali hakina P wala V. Mwanamke aliyenyonya lugha hiyo tangu utotoni akiifikia pilipili husema bilibili, akivifikia viazi husema fiazi, na katika soko la Garissa huuziwa pilipili na viazi vilevile. Mwalimu huona si busara kuwavunja akina mama moyo mapema. Huanza na A, M na B, wakaandika mama, wakaandika baba, wakaifurahia kazi ya mikono yao, kisha polepole huwapeleka hadi kwenye zile mbili ngumu.

Mwaka huo P ilikuwa haijafikiwa mwezi wa Ramadhani ulipoandama na darasa likafungwa. Hakuna aliyesikitika. Hata Timiro, aliyependa kusoma kuliko wenzake wote, alikunja daftari lake akaliweka juu ya kabati na kusema kwamba herufi mbili hazitakimbia.

Timiro alikuwa muuza maziwa ya ngamia. Mumewe, Billow, alikuwa malishoni upande wa Diff, karibu na mpaka, pamoja na mtoto wao wa kwanza, Awil. Awil hakupelekwa shule. Tangu alipojua kushika fimbo alikuwa mtu wa ngamia, na sifa yake ilikuwa sauti. Kisimani, wakati wa kunywesha, aliimba nyimbo za maji, na ngamia waliokuwa wakisukumana na kuumana walitulia, wakainamisha shingo na kunywa. Billow alizoea kusema kwamba ngamia hunywa kwa masikio kwanza, mdomo hufuata baadaye.

Basi katika mwezi wa Shaaban, kabla darasa halijafungwa, lori la mbuzi lilisimama karibu na soko, akateremka kijana mrefu aliyejifunika shuka hadi shingoni, ingawa jua lilikuwa likichoma. Timiro alimtazama kama mtu amtazamavyo mteja asiyemjua.

"Hooyo," yule kijana alisema, akimwita mama kwa Kisomali, "unanipimia maziwa au unanihurumia?"

Ndipo Timiro alipoitambua sauti ya Awil, au kile kilichobaki cha sauti. Alimshika mabega akakuta mifupa.

"Habari za huko?" aliuliza, kama desturi inavyotaka.

"Amani tupu. Malisho yapo, maji yapo." Kikohozi kilimkata maneno, akainama, akashikilia mti wa kibanda. Kilipomwachia alifuta mdomo kwa ncha ya shuka. "Ni vumbi la njiani."

Timiro hakubisha. Lakini usiku ule alilisikia vumbi hilo likikohoa hadi alfajiri, na asubuhi shuka la mtoto wake lilikuwa limelowa jasho. Alimwambia waende zahanati. Awil alikataa, akasema kikohozi hakimlazi mwanamume kitandani. Kwa hiyo Timiro alikwenda peke yake.

Zahanati ya mtaa wao ilikuwa imefurika. Ilikuwa siku ya watoto kupimwa uzito, na kila mtoto aliyening'inizwa kwenye mizani alilia kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake. Sista, muuguzi, binti wa Kipokomo kutoka ng'ambo ya Mto Tana, alikuwa peke yake kazini. Alimsikiliza Timiro huku ameshika mguu wa mtoto mmoja mwenye mateke.

"Kijana yangu nakohoa," Timiro alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Tangu mvua ilikatika. Usiku nguo inalowa kama ametoka kisimani."

Sista aliuachia ule mguu. "Amekonda?"

"Amekwisha."

"Mama, nisikilize. Kwanza ni kupima. Bila kupima hakuna dawa. Umlete mwenyewe."

Sista alisema kupima. Timiro alisikia bima.

Si kwamba sikio lake lilikuwa zito. Wiki hiyo nzima gari lenye vipaza sauti lilikuwa likizunguka mitaani, likiwahimiza watu wajiandikishe bima ya afya, kila mtu aje mwenyewe, aje na kitambulisho chake. Neno hilo lilikuwa limekwisha kaa mlangoni mwa sikio lake, na la sista lilipobisha hodi, ndilo lililofungua.

"Hana bima, sista," alisema.

Na sista naye alikuwa na lake. Alikuwa amewahudumia wenyeji wa Garissa kwa miaka, na alikwisha jizoeza kuigeuza kila B yao kuwa P kabla haijamfika. Mgonjwa akimwambia anaumwa bafu, aliandika pafu. Akisema bumzi, aliandika pumzi. Kwa hiyo alimsikia mama huyu akisema kwamba kijana bado hajapimwa.

"Najua, mama. Ndiyo maana nakwambia umlete."

"Na ni lazima?"

"Lazima kabisa! Siwezi kutoa dawa hivi hivi. Wala usichelewe."

"Inshallah."

Wakaagana, kila mmoja ameridhika kwamba ameeleweka. Marehemu baba yake Timiro, aliyekuwa msimamizi wa visima, hakumruhusu mtoto wake hata mmoja kuondoka na ujumbe kabla ya kuurudia mbele yake, neno kwa neno, kwa kuwa ujumbe uliopotoka huweza kuwapeleka ngamia mia kwenye kisima kikavu. Siku hiyo pale zahanati hakuna aliyemwambia Timiro arudie. Watoto walikuwa wakilia na foleni ilikuwa ndefu.

Awil hakuwa na kitambulisho. Alikuwa ameomba kabla ya kiangazi kilichopita, akachukuliwa alama za vidole, akaambiwa asubiri. Timiro aliona njia moja tu iliyo wazi mbele yake: kitambulisho kipatikane, bima iandikishwe, dawa itolewe. Kila alipomaliza kuuza maziwa alipitia ofisi ya chifu.

"Bado, mama," karani alimwambia. "Vikija nitakuita."

"Mtoto yangu ni mgonjwa."

"Pole sana. Lakini mimi sivitengenezi mimi."

Alirudi tena, na tena. Kwa unyenyekevu, kwa hasira, na mara moja na chupa ya maziwa. Jibu lilikuwa lile lile, na karani hakuwa mtu mbaya.

Ramadhani ilipoingia, Awil alifunga. Timiro alimwambia kwamba Mungu amemruhusu mgonjwa kula. Awil akajibu kwamba yeye si mgonjwa, ana kikohozi. Jirani yao, Khadijo, mwanafunzi mwenzake Timiro katika darasa la ngumbaro, alileta mafuta ya mkia wa kondoo yaliyoyeyushwa, akasimama juu ya kijana huyo na kikombe.

"Kunywa. Hata marehemu mume wangu yalimsimamisha."

"Eedo Khadijo," Awil alisema, akimwita shangazi kwa heshima, "marehemu si ndiye aliyekufa?"

"Alikufa akiwa amesimama! Kunywa!"

Walicheka wote watatu, na kicheko cha Awil kikageuka kikohozi ambacho hakikutaka kwisha. Khadijo alipotoka nje alimshika Timiro mkono na kumnong'oneza jina la ugonjwa, lile ambalo kwao halitajwi kwa sauti, kwa kuwa huondoa wachumba nyumbani na huwafanya wageni wakatae chai.

"Nalijua," Timiro alisema. "Nangoja bima."

"Mungu aiharakishe hiyo bima," Khadijo alisema. Naye hakuona kosa katika neno hilo, maana katika kinywa chake pia yalikuwa maneno mawili yenye nguo moja.

Idi ilipita. Awil hakwenda kuswali uwanjani na wenzake. Aliswalia ndani, ameketi. Siku darasa lilipofunguliwa Timiro hakutaka kwenda, lakini Awil mwenyewe alimsukuma. "Nenda, hooyo. Ukinikalia hapa unanitazama kama mzoga, nitakufa kwa kutazamwa."

Siku hiyo Mwalimu Yakub aliandika P ubaoni, kubwa kama mlango. Kisha akamgawia kila mama kipande cha karatasi nyepesi.

"Shikeni karatasi mbele ya midomo," alisema. "Semeni B."

Wakasema B. Karatasi zilitulia.

"Sasa fungeni midomo, kusanyeni hewa, muiachie kwa nguvu. P!"

Karatasi ya mwalimu iliruka. Za akina mama zilibaki vilevile.

"Hiyo yako ina dawa," Khadijo alilalamika. "Na kwa nini tuhangaike? Tumekula bilibili maisha yetu yote na inawasha vilevile!"

Darasa lilicheka, na mwalimu akacheka pamoja nao. "Bilibili inawasha, ni kweli. Lakini yapo maneno ambayo usipoyatenga yatakutenga wewe." Akageukia ubao. Aliandika pata, na chini yake bata. Akaandika paa, na chini yake baa. Kisha, kwa kuwa ndilo lililokuwa likisemwa mitaani, akaandika bima, na juu yake akaandika pima.

"Bima ni ile mliyoandikishwa. Kupima ni kingine. Mtoto anapimwa uzito. Maziwa yanapimwa kwa kikombe. Mgonjwa anapimwa ajulikane ana nini. Timiro, wewe una kinywa chepesi, hebu tusomee."

Timiro aliinua karatasi yake. Alikusanya hewa, akafunga midomo.

"Pima," alisema, na karatasi ikaruka.

Wenzake walipiga vigelegele. Yeye hakuvisikia. Alikuwa amesimama kwenye zahanati, katikati ya vilio vya watoto, mbele yake binti wa Kipokomo ameuachia mguu wa mtoto ili amwambie jambo. Kwanza ni. Bila. Umlete mwenyewe.

"Mwalimu," alisema, "mtu akisema, bila hii ya juu hakuna dawa?"

"Ina maana lazima wakuangalie kwanza. Makohozi, damu, kama hivyo. Ni jambo la siku moja tu."

Timiro aliacha daftari, akaacha viatu mlangoni.

Alimkuta Awil ameketi sakafuni, beseni la kufulia katikati ya magoti yake. Damu iliyokuwa ndani ya beseni ilikuwa nyekundu angavu na yenye povu. Kijana aliinua macho na hakuwa na mzaha wowote. Khadijo, aliyekuwa amemfuata mbio akiwa na viatu vyake mkononi, alisimamisha bajaji barabarani kwa kujitupa mbele yake, na dereva aliyekuwa amefungua kinywa kutukana alikifunga alipoona waliyembeba. Hawakwenda tena zahanati. Wakati wa zahanati ulikuwa umepita.

Hospitalini walimlaza katika chumba cha peke yake chenye madirisha makubwa, wakamwekea hewa ya oksijeni, wakamtundikia damu. Makohozi yake yalitiwa katika mashine, na jibu likatoka siku ile ile: kifua kikuu. Daktari, kijana wa Mandera aliyezungumza Kisomali cha kwao, alimwonyesha Timiro picha ya kifua dirishani.

"Pafu hili la kulia linafanya kazi. Hili la kushoto limeliwa. Tazama, hapa ni shimo."

"Litajaa?"

"Dawa itaua ugonjwa, inshallah. Shimo litabaki kovu." Daktari aliishusha picha. Alisita, kisha akasema bila ukali, kama mtu anayesema na nafsi yake, "Eedo, huyu hakuwa mtu wa kulazwa. Huyu alikuwa mtu wa kumeza vidonge nyumbani asubuhi na kuendelea na shughuli zake. Kitanda hiki hakikuwa chake."

Timiro alikaa karibu na kitanda hicho ambacho hakikuwa cha mtoto wake, barakoa usoni, siku baada ya siku. Kulikuwa na wakati homa ilipanda mpaka Awil akawaita ngamia kwa majina yao, mmoja mmoja, kwa mnong'ono, nao hawakuja. Timiro alisoma Yasini. Aliomba Awil asichukuliwe. Kisha akaona ameomba vibaya, akaomba achukuliwe yeye mwenyewe, kijana aachwe.

Hospitali ilipiga simu zahanati ya mtaa ili watu wa nyumba ile nao wachunguzwe, na ndivyo sista alivyofika wodini, mkoba begani. Alimtambua Timiro mara moja.

"Mama, ni wewe? Nilikungoja. Hukurudi. Nikafikiri mmemrudisha malishoni."

"Nilikuwa nangoja kitambulisho."

"Kitambulisho cha nini?"

"Cha bima. Wewe si ulisema bila bima hakuna dawa?"

Sista aliketi kwenye ukingo wa benchi kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba wa kwao.

"Nilisema kupima," alisema. "Na wewe ukaniambia hana..." Alijifunika macho kwa kiganja. "Uliniambia hana bima. Ulilisema vizuri kabisa, mama. Mimi ndiye niliyeligeuza. Huwa najisifu kwa wenzangu kwamba nawasikia watu wa hapa kuliko mgeni mwingine yeyote."

Timiro alikuwa na maneno ya kumwambia, na mengine yalikuwa na makali. Aliyapanga. Kisha alimtazama mtoto wake aliyelala mdomo wazi chini ya mpira wa hewa, akaona kwamba makali hayo yangemkata yeye kwanza.

"Hiyo dawa," aliuliza, "ingekuwa kiasi gani?"

"Bure, mama. Kupima ni bure na dawa ni bure. Hata bila kitambulisho."

Neno bure Timiro alilisikia sawasawa. Linaanza kwa B.

Baadaye sista alitoa vikopo kwenye mkoba, kimoja cha Timiro na kimoja cha Khadijo, akaanza kueleza jinsi ya kutoa makohozi ya asubuhi. Alipomaliza hakuuliza kama ameeleweka. Alisema, "Nirudishie, mama. Yote. Hata kwa Kisomali, daktari atanitafsiria." Timiro alirudia, na sista akamsikiliza kwa macho yaliyotulia mdomoni pake.

Damu ilikoma. Homa ikateremka kidogo kidogo, kama maji yanavyozama mchangani. Siku Awil alipoomba anjera, mkate wa maji wa kwao, na chai, Timiro alitoka nje ya wodi, akalia akiwa ameegemea ukuta, kisha akaenda kutafuta anjera.

Billow alipiga simu kutoka malishoni. Alifurahi kwa sauti kubwa, akamshukuru Mungu, akamshukuru daktari, kisha akafika alikokuwa akielekea.

"Kiangazi kinaanza. Ngamia wanasumbua kisimani, hawaniamini mimi. Akitoka hapo umpakie lori."

"Miezi sita," Timiro alisema. "Atakaa hapa Garissa. Dawa kila siku, zahanati imwone, asiruke hata siku moja. Na wewe na wachungaji wote mpimwe huko huko, mlilala naye hema moja."

"Sawa, nimesikia."

"Sikuulizi kama umesikia. Rudia."

Billow alicheka. "Kwani mimi ni mmoja wa watoto wa baba yako kisimani?"

"Rudia, Billow."

Kulikuwa na mvumo wa upepo katika simu. "Nitapimwa, mimi na wachungaji," alisema hatimaye. "Na Awil atakunywa dawa mpaka apone, ndipo aje."

"Sikusema hivyo. Mpaka apone ni maneno yako. Atanenepa, atacheka, utamwona amepona, na bado atameza. Miezi sita. Sasa rudia."

Safari hii Billow hakucheka. Alirudia polepole, na ikawa sawa. Kisha akauliza jambo alilokuwa amelificha nyuma ya ngamia wake wote.

"Sauti yake je?"

"Yuko hai," Timiro alisema. "Mshukuru Mungu kwa hilo kwanza."

Siku ya kuruhusiwa, sista alikuja mwenyewe kumpokea Awil kutoka mikononi mwa daktari. Walizungumza wote wanne, wakarudiana, hadi Awil akasema kwamba hata ngamia wangekuwa wamekwisha kulihifadhi somo hilo. Kisha daktari na sista wakaenda kwenye dirisha la kutolea dawa, na mama na mtoto wakabaki wakingoja.

Awil aliketi ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni. Alitazama nje, ambako mtu alikuwa akiwapitisha mbuzi kando ya ukuta wa hospitali. Kwa sauti ya chini alianza wimbo wa maji. Mstari wa kwanza alifika katikati. Aliacha, akapumua, akaanza tena, na hewa ikamwishia palepale. Hakuanza mara ya tatu.

Timiro hakusema kwamba itarudi. Daktari hakumwambia hivyo, naye alikuwa amechoka na maneno yasiyorudiwa. Alichana kipande cha karatasi iliyofungia anjera, akakishika mbele ya midomo ya mwanawe.

"Sema pima."

"Hooyo, mimi si mtu wa ngumbaro."

"Sema."

"Bima," Awil alisema. Karatasi ilitulia.

"Hiyo ndiyo iliyotuleta hapa. Funga midomo. Kusanya hewa. Si lazima iwe nyingi."

Awil alifumba macho. Kifua kilipanda upande mmoja zaidi ya mwingine, kikangoja.

"Pima," alisema.

Karatasi ilitikisika, kidogo tu, kama sikio la ngamia aliyesikia akiitwa kutoka mbali.